Mshenga Juu ya Keria

Kisa hiki hakuna anayekijua kuliko mie, maana nilikishuhudia chote kwa macho yangu mawili. Naam, la kushoto mwaka ule lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaangalia maandazi yasiungue. Lakini masikio yalikuwa mazima, na pale Mtoni kwa Azizi Ali hata ukiwa kiziwi habari itakufikia, watakuja kukuchorea ukutani.

Mwaka huo wa tisini na tano Mwanakombo alikuwa na miaka ishirini na minne. Fundi cherehani wa sare za shule, mweusi wa kung'aa, nyusi zimekutana katikati kama watu waliogombana wakapatana. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, akalelewa na Baba Mkubwa Mwishehe na mkewe Bi Naima, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mtoto mwenye adabu, shikamoo haimpiti mtu. Ila alikuwa na vitu viwili vilivyowapa majirani kazi ya kuongea: baiskeli, na Suhaib.

Baiskeli ilikuwa Foneksi nyeusi ya kike, na aliipanda mchana kweupe, sare za watu zimefungwa nyuma kwenye keria, baibui limekunjwa vizuri likabanwa na pini mbili, mpaka Kariakoo na kurudi. Alipita kwenye magari kama uzi kwenye tundu la sindano. Wako waliosema mwanamke haketi pale, kwamba kizazi kitahama. Akawajibu kwamba kikihama atakifuata, chombo anacho.

Suhaib naye alikuwa mtoto wa duka la spea za baiskeli la Temeke, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Dar miaka mingi hata Kiarabu walichobakiwa nacho kikawa cha kuswalia tu. Mrefu, mpole, vidole vyeusi kwa grisi, macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi kutoka ndoto nzuri. Walikutana kwenye pancha. Mwanakombo alikuwa anapitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba, akaona mkono mwingine umeingia kutafuta upande wa pili. Walikutana kwenye valvu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuutoa mkono.

Na ndoto ile ya Suhaib, nikwambie, haikuwa ya nyumba wala gari. Tangu biashara ifunguliwe, kila mwenye shemeji Dubai alikuwa na gari la mitumba, na Barabara ya Kilwa ilianza kujaa kama gunia la mchuuzi. Suhaib akachukua karatasi za mifuko ya saruji, akazibandika pamoja, akachora mji. Kutoka Mbagala mpaka Kariakoo alipitisha mstari wa kijani, upana wa watu wawili walionyoosha mikono, miarobaini kandokando, mabomba ya maji kila baada ya mwendo wa kuchoka. Alisimama na ramani yake sokoni, msikitini watu wakitoka, kwenye harusi za watu. Aliwaambia hapa atapita muuza samaki na kapu lake bila kupigiwa honi, hapa mtoto atakwenda shule mwenyewe, hapa hewa itanuka miti na si moshi. Wengine walimcheka, wakamwuliza kama kwenye mji wake wa karatasi kuna na wali wa karatasi. Yeye aliwacheka pamoja nao, halafu akaendelea kuonyesha. Wanawake ndio walimsikia, kwa sababu wanawake ndio waliokuwa wanatembea kwa miguu. Mwanakombo akawafundisha kupanda kiwanjani jioni, mmoja mmoja, akianza na jirani yake Hija, mpaka pamoja na mwalimu wao wakafika thelathini na nne.

Basi ndipo ofisi ya barabara ikakubali kumtuma bwana mmoja, Jumamosi, asimame kwenye daraja la Mto Kizinga ahesabu. Daraja lilikuwa linangoja matengenezo. Akiwaona wanawake wasiopungua thelathini wakivuka kwa baiskeli, ataandika njia ya baiskeli iwekwe pembeni. Akiwaona wauza maziwa watatu kama kawaida, ramani ya Suhaib itafungiwa vitumbua.

Na Jumamosi hiyohiyo Baba Mkubwa Mwishehe akaipanga kuwa siku ya kupokea posa ya Suhaib. Watu walisema amefanya kusudi. Mie siwezi kumsemea mtu la moyoni mwake, lakini alifanya kusudi.

Aliitoa amri yake wakati wa chakula, kidole kimoja bado kina mchuzi. Siku mshenga anapokuja, mwali hutulia ndani, hata kivuli chake hakivuki kizingiti. Ndivyo mama zake walivyoposwa na ndivyo atakavyoposwa yeye. Akisikia Jumamosi ile kuna kengele ya baiskeli na Mwanakombo yuko juu yake, barua ya Suhaib itarudi kama itakavyokuja. Na mshenga asipofika mpaka saa kumi na moja, atafungua ile nyingine iliyokuwa imelala chini ya godoro lake: barua ya Mohammed wa Vingunguti, mfanyabiashara wa ngozi za machinjioni, mwenye pikapu. Huyo Mohammed alikuwa mtu mwema sana. Ila ukikaa naye ni vizuri ujue upepo unatokea wapi.

Alhamisi Mwanakombo akaenda dukani kwa Suhaib. Alimkuta amechuchumaa anakaza spoki za gurudumu, akasimama mbele yake akisubiri atazamwe. Suhaib hakuinua macho.

"Usitoke Jumamosi," alisema.

"Umesemaje?"

"Ukae ndani, Kombo. Hija ataongoza. Njia ya baiskeli tunaweza kuiomba tena mwakani. Wewe mwakani nitakuomba kwa nani?"

"Hija akifika kwenye mteremko anafumba macho."

"Basi wafumbe wote, wafike hivyohivyo. Mie nimechoka kukuota, nataka kukuona."

Maneno hayo siku nyingine yangemyeyusha Mwanakombo. Siku ile yalimchoma. Alivuta kigoda, akaketi, uso kwa uso na yule mwanamume, gurudumu katikati yao.

"Kila mmoja wa wale wanawake ana mtu nyumbani kwake," alisema. "Mume, au mkwe, au kaka. Anangoja tu aseme, mnaona, hata huyo Mwanakombo wenu kakaa ndani. Nisipotoka mie hatatoka mtu. Na wewe unalijua hilo, ndiyo maana huniangalii."

Suhaib akazungusha gurudumu. Likalia tiki tiki tiki, halafu likasimama.

"Nikuulize," Mwanakombo akasema, na sauti ikashuka. "Wewe kwangu ulipenda nini?"

Hapo akainua macho. Alimtazama mpaka Mwanakombo akajuta kuuliza, maana kulikuwa na wateja wawili mlangoni na wote wamesahau walichokuja kununua.

"Mvua ya masika ile," Suhaib akasema. "Magari yamezama mpaka milango. Watu wazima tumejibanza barazani kama kuku. Ukapita wewe, umefunika sare za watu kwa nailoni, mwenyewe umelowa chapachapa, unaimba. Hata hukutuangalia. Nikajiambia, huu mji ninaouchora kumbe ushaanza, una mtu mmoja."

"Basi huyo ndiye unayemtumia barua." Mwanakombo akasimama, akajifunga kanga. "Huyo wa kukaa ndani mie simjui kwao. Mtafutie mshenga mwingine."

Akaondoka. Alipiga pedali mpaka Chang'ombe bila sababu yoyote ya kwenda Chang'ombe, analia na kufuta kwa bega, na kulia juu ya baiskeli, mwanangu, ni kazi; unahitaji mkono wa tatu.

Ijumaa baada ya swala Suhaib akaonekana uchochoroni, nje ya ukuta wa uani kwa Bi Naima, anamtengenezea jirani baiskeli ambayo haikuwa mbovu. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu anayeuza. Akamwambia yule jirani kwamba kuna mwanamume mmoja mjinga, Alhamisi alishikwa na woga akasema maneno ya woga. Huyo mjinga kesho atakuwa darajani na ramani yake, na atakayevuka avuke, na hata barua ikirudi, ataiandika upya kila mwezi mpaka karatasi ziishe madukani. Jirani akajibu kwamba yeye alitaka breki tu. Upande wa pili wa ukuta Mwanakombo alikuwa anaanua nguo, na ile kanga aliyokuwa ameshika aliikunja mara sita, ikawa ndogo kama leso.

Jumamosi ikafika. Bi Naima akakifukiza udi chumba cha ndani, akafunga mlango kwa nje, akamwambia mumewe kwamba mwali kajipumzisha. Mwali alikuwa amesimama nyuma yake, uani, viatu mkononi.

"Mie nikiulizwa nitasema umo chumbani," Bi Naima akamnong'oneza. "Lakini nimezoea uongo mfupi. Usinifanye niuvute kupita saa kumi na moja."

"Mama Mkubwa, ukinipenda hivi nitashindwa kuolewa."

"Nenda, kabla sijakumbuka kwamba mie ni mtu mzima."

Baba Mkubwa akatandika mkeka wake kibarazani mbele, na Bi Naima akarudi uani kwenye vyungu vyake, na nyumba ikatulia.

Sasa twende kwa mshenga. Suhaib alikuwa amemchagua Mzee Talha wa Mbagala, mtu wa kanzu ya pasi na koti jeusi, ambaye katika maisha yake alikuwa ameposa mara kumi na tisa kwa niaba ya wenziwe na hajapata kurudishwa. Suhaib alimwomba aondoke mapema, kwa kuwa njia haitabiriki siku hizi. Mzee akakasirika. Mshenga anayefika mapema, alisema, anaonekana ana njaa. Na mshenga anayefika na vumbi la barabarani anaonekana ametumwa na fukara. Yeye atakodi teksi saa tisa kamili, atafika saa tisa na nusu, kanzu haijakunjika. Barua akaifunga kwenye leso nyeupe ya hariri, kama ilivyo ada, akaiweka kifuani. Kwa siku za ujana wake hesabu hiyo ilikuwa sawa kabisa.

Saa tisa na nusu wanawake wakaondoka Mbagala Rangi Tatu. Thelathini na nne, si pungufu. Kulikuwa na wakwe na wakaza wana, kulikuwa na mama mmoja amefunga vikapu viwili vya mihogo kwa kuwa alisema hawezi kwenda mjini mikono mitupu hata kama ni kwa ajili ya maendeleo. Hija alikuwa nyuma ya Mwanakombo, tayari amefumba macho ingawa njia ilikuwa tambarare. Watu wakatoka madukani kuangalia. Vijana wa kijiweni wakaanza maneno yao, kwamba sista leo breki zipo. Mama wa mihogo akawajibu kwamba breki zipo, nyie ndio hamna tairi. Kicheko kikapita kwenye msafara mzima toka mbele mpaka nyuma, na kila mtu akakaa vizuri zaidi kwenye siti yake.

Walipofika Misheni wakaikuta foleni. Magari yamesimama mpaka mbele macho yasikofika, injini zimezimwa, madereva wameshuka wanakula machungwa. Lori la mbao kutoka Rufiji lilikuwa limekata ekseli katikati ya daraja, likakaa mshazari. Kwa magari, njia ilikuwa imekufa. Kwa kitu chembamba, ilibaki nafasi ya kupita mbuzi mwenye mimba.

Mwanakombo akapiga kengele, akaongoza wenzake kando ya magari, mmoja mmoja. Mwendo wa hatua chache kabla ya daraja akaona teksi, na nje yake mzee wa koti jeusi, amesimama juani, mkono mmoja kifuani kama mtu anayeshikilia moyo usitoke. Jasho lilikuwa limeshaitia kanzu ramani ya Afrika. Mwanakombo akashika breki. Hakuwa akimjua kwa sura. Alidhani mzee ameugua.

"Shikamoo babu. Vipi, kifua?"

"Marahaba mjukuu wangu. Si kifua, ni heshima." Mzee Talha akaiangalia saa yake ya mkononi. "Saa kumi na robo. Saa kumi na moja nisipokuwa kwa bwana Mwishehe, hapo kwa Azizi Ali, naharibu posa ya mtu. Miguu yangu haifiki. Na binti mwenyewe wanasema hana mfano: ametulia, hatoki nje, hata jua halimjui."

Nyuma yake Hija alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Panda, babu," Mwanakombo akasema.

"Nipande wapi?"

"Kwenye keria. Kaa upande, miguu kushoto iwe mbali na cheni, unishike kwenye siti."

Mzee akasema mshenga hapandi nyuma ya mwanamke. Mwanakombo akamwambia basi akae hapo aangalie mbao. Mzee akaangalia mbao. Akaangalia saa. Akainua kanzu kwa vidole viwili, akasema bismillahi kama mtu anayeingia kaburini kwa miguu yake mwenyewe, akapanda.

Lo, nani asiyetaka kuiona siku ile. Baiskeli ya mbele ikaingia darajani na mtu mzima wa koti amekaa upande, leso kifuani, na nyuma yake kanga za kila rangi zikaingia moja baada ya moja kwenye ile nafasi kati ya lori na ukingo, kama shanga zinazotungwa. Ng'ambo ya pili umati ulikuwa umejaa, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mwanakombo huyo! Mwanakombo wa Mwishehe!"

Mgongoni kwake Mwanakombo akasikia mzee anajisogeza kwenye keria.

"Mjukuu wangu," Mzee Talha akasema taratibu. "Huyo wanayemwita ni nani?"

"Ni mie, babu."

"Ndiye yule aliyetulia?"

"Nimetulia, babu. Mikono yote miwili iko kwenye usukani."

Na hapo ndipo alipomwona Suhaib. Alikuwa mwisho wa daraja, kando ya yule bwana wa ofisi ya barabara aliyekuwa na daftari lake, ramani ya mifuko ya saruji imekunjwa kwapani. Suhaib alimwona kwanza Mwanakombo, uso ukafunguka. Halafu akaona nyuma kumekaa nani. Alimtambua mshenga wake. Alitambua leso yake. Alielewa kwamba mwanamke wake anajipelekea posa yake mwenyewe, kwa pedali. Alivua kofia yake ya kudariziwa, akaiweka kifuani, akasimama hivyo, macho yamejaa maji na meno yote nje. Mwanakombo alimwangalia sekunde moja zaidi ya inavyofaa kwa mtu anayeendesha. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, umati ukashika pumzi, Mzee Talha akataja majina ya mitume watatu, na ikakaa sawa.

Yule bwana wa ofisi alihesabu mpaka thelathini na nne, akaongeza na mzee mmoja. Walivuka wote kabla chungwa moja halijamenywa likaisha. Akamwuliza Suhaib magari mangapi yamevuka tangu saa nane. Suhaib akamwambia hakuna. Bwana yule akaligeukia lori, akawageukia wale wanawake waliokuwa wanakumbatiana, mihogo inamwagika, Hija anamwambia kila mtu kwamba hakufumba hata kidogo. Akafunga daftari.

"Hiyo ramani yako," akasema, "nipe nakala ya kwenda nayo."

"Nakala ni hiyohiyo moja," Suhaib akajibu, akampa.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika mpaka Kijichi. Hata madereva waliokwama walipiga honi, na safari hii hawakuwa wanamfukuza mtu. Mwenye lori mwenyewe, aliyekuwa amekaa juu ya mbao zake toka mchana na huzuni yake, akasimama akapunga shati.

Lakini Mwanakombo hakuwa na nafasi ya kushangilia. Alikuwa anakanyaga pedali, umati unamchelewesha, mzee mgongoni, saa inakimbia. Alipinda uchochoro, akamshusha Mzee Talha nyuma ya msikiti na kumpangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Mzee akanyoosha koti. Akasema jambo moja: wakiulizwa, amekuja na teksi.

"Huo si uongo, babu?"

"Teksi nilipanda. Kama ilinifikisha au la, hayo ni mambo ya mwenye teksi."

Mwanakombo akapita uani, akaiegemeza baiskeli nyuma ya pipa, akaingia chumbani kwenye udi, akajitupia kanga mpya begani, akaketi nyuma ya pazia akihema kama mvukuto. Bi Naima akaja kukaa naye, akamshika mkono. Mapedali hayakuwa yamemtisha, daraja halikuwa limemtisha. Sasa ndiyo aliogopa. Maana njia ya baiskeli imeshapatikana, na yeye bado anaweza kulala kwa mtu wa ngozi.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Nje, Baba Mkubwa alikuwa kwenye mkeka wake, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, jasho linamtiririka. Mzee Talha akapiga hodi, salamu zikapita, za mbele na za nyuma, za wazima na za marehemu. Akamkaribisha mgeni akae, akasema yeye hapo alipo ndipo alipo tangu adhuhuri, hakuinuka hata kunywa maji, kwa kuwa ahadi kwake ni deni. Kisha akamwuliza amefikaje, maana amesikia watu wakipita wanasema daraja halipitiki.

"Nimekuja na teksi," Mzee Talha akasema, kwa sauti iliyokwisha kuposa mara kumi na tisa.

"Alhamdulillahi," Baba Mkubwa akajibu. "Teksi nzuri."

Leso ikafunguliwa. Barua ikasomwa, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Nyuma ya pazia Mwanakombo alikuwa anahesabu mapigo ya moyo wake, akapotea njiani. Alisikia karatasi inakunjwa.

"Kwetu jibu hukaa siku saba," Baba Mkubwa akasema. "Lakini mie nimezeeka, siku saba siku hizi naziona ndefu. Bi Naima, mwulize mwanao. Akinyamaza, ndiyo hiyo."

Bi Naima akageuza uso kumwuliza. Mwanakombo hakunyamaza. Alisema ndiyo kabla swali halijatoka mdomoni, kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini, kisha akajiziba mdomo kwa kanga mpya. Kibarazani Mzee Talha akakohoa kwa furaha. Uani majirani, ambao hawakuwa wakisikiliza hata kidogo, wakapiga vigelegele. Bi Naima alimvutia kifuani, akamwambia sikioni kwamba Mohammed wa Vingunguti atapata tu mwenzake, Mungu hamsahau mtu, na mafua pia ni rehema. Mwanakombo akacheka huku analia, na safari hii mikono yote miwili ilikuwa huru kufutia.

Baba Mkubwa akaomba watu watulie. Akajitengeneza kwenye mkeka, sauti ya mkubwa wa nyumba.

"Nimekubali. Ila nina sharti langu moja, ulifikishe kwa huyo kijana. Akishamwoa, amkataze kubeba watu wazima kwenye keria. Pale mwisho wa daraja alipoyumba, nusura wewe mzee wa watu uingie mtoni na barua yetu kifuani."

Kipepeo kikaendelea kupepea mara mbili, halafu kikasimama chenyewe. Mzee Talha akakodolea viatu vyake, teksi yote imemyeyukia mdomoni.

Pazia likafunuliwa. Bi Naima akatoa kichwa, akamtazama mumewe bila haraka, kama mtu anayechagua mchele.

"Mwishehe," akasema. "Si tangu adhuhuri hujainuka kwenye huo mkeka?"

Baba Mkubwa akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nilikwenda kuhakikisha kwamba hayupo," akasema.